Amri Moja kwa Seva Zote

Mafundi wengi wa rika langu hapa Kakamega tuliijua Linux kupitia diski za bure. Hadi 2011 ilipoacha, kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma sidii za Ubuntu kwa posta bila malipo, nasi tukaagiza. Kebo za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na hata baada ya hapo intaneti ilichukua muda kupanda huku juu. Kupakua mfumo mzima ilikuwa ndoto, kwa hiyo ulitumia kilichokufikia. Ofisi hii ilikuwa na Ubuntu, jirani yake ana CentOS ya ukoo wa Red Hat, na fundi ni mmoja.

Shida ilianza pale mteja aliposema tovuti haifunguki. Ili kuwasha upya Apache, programu inayohudumia tovuti, kwenye Debian na Ubuntu uliandika njia nzima: /etc/init.d/apache2 restart. Upande wa Red Hat ulitumia amri ya service, na programu ileile ya Apache wenyewe waliiita httpd. Kisha kulikuwa na suala la huduma kujiwasha yenyewe stima ikirudi, na anayeijua mvua ya alasiri ya Kakamega anajua kwamba hilo halikuwa jambo dogo. Debian ilitaka update-rc.d, Red Hat chkconfig. Slackware, kwa ukaidi wake ninaoupenda, ilikutaka uipe faili ruhusa ya kutekelezwa, basi. Daftari langu la kazi lilijaa amri za namna hiyo, safu mbili kwa kila jambo.

Amri zote hizo zilishughulikia skripti za kuwasha huduma, nyingi zikifuata mtindo wa Unix ya System V ya AT&T, iliyotoka 1983. Mwaka 2006 Ubuntu ilileta Upstart ya Scott James Remnant kuchukua nafasi ya mtindo huo. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakatangaza systemd, na amri yake ikawa systemctl. Fedora iliichukua 2011, Red Hat 7 ikafuata 2014. Kwenye Debian ilikuwa vita. Kamati ya ufundi ya watu wanane iligawanyika nne kwa nne, na Februari 2014 mwenyekiti wake, Bdale Garbee, akatumia kura yake ya uamuzi kuipa systemd ushindi. Siku chache baadaye Ubuntu nayo ikasalimu amri, ikatangaza kuiacha Upstart yake yenyewe. Waliokasirika walijitenga wakaunda Devuan, Debian isiyo na systemd.

Kwa hiyo umoja tulio nao haukutokana na makubaliano. Mmoja alishinda, wengi wakamfuata. Sikatai kwamba kazi yangu imekuwa rahisi: systemctl restart hufanya kazi kwenye karibu kila seva ninayoigusa. Ila Apache bado ni httpd huku na apache2 kule, na Alpine, Linux ndogo inayopendwa ndani ya kontena, inatumia rc-service. Void, Linux nyingine, inatumia sv.

Sisi Waluhya tulishajaribu umoja wa aina hii. Miaka ya 1940 Kamati ya Lugha ya Kiluyia, ambamo mmisionari Lee Appleby wa Butere alifanya kazi kubwa, ilitafuta Kiluyia kimoja cha kuandikia vitabu. Wamaragoli walibaki na Kilogooli chao, na 1951 wakapata Biblia nzima kwa lugha hiyo. Wabukusu nao walikataa. Leo mtu wa Bungoma na mtu wa Vihiga wakikutana soko la Kakamega hupatana bei kwa Kiswahili, kisha kila mmoja anarudi nyumbani na lugha yake.

Amri ya service ilikuwa na uwezo wa kuwa Kiswahili cha seva zetu. Haikujali injini iliyo chini, iwe skripti, Upstart au systemd. Hadi leo kwenye Debian ukiiandika hupeleka kazi kwa systemctl kimyakimya. Kasoro yake ni mpangilio: ilitanguliza jina la huduma kisha kitenzi, na systemctl ikageuza, jambo lililotusumbua vidole bila sababu ya maana. Wenye Alpine, Void, Devuan na Debian wangeweza kukubaliana juu ya amri moja nyembamba yenye vitenzi vitano: washa, zima, washa upya, onyesha hali, jiwashe stima ikirudi. Injini kila mtu abaki na yake. Anayetaka wote watumie systemd ndipo wapate amri moja anadai zaidi ya kinachohitajika.