Kifaa kidogo kinachowasaidia waendeshaji wa motokrosi kuwahi kona ya kwanza

Katika mbio za pikipiki za motokrosi, sekunde chache za mwanzo aghalabu huwa na uzito kuliko dakika nyingi zinazofuata. Kwenye mashindano ya dunia ya MXGP, waendeshaji hadi 40 husimama katika mstari mmoja nyuma ya geti la chuma. Huonyeshwa kibao cha sekunde 15, kisha cha sekunde 5, na baada ya hapo geti huanguka wakati wowote kati ya sekunde 5 na 10. Wote hukimbilia kona moja isiyoweza kuwapokea kwa pamoja. Anayetangulia huiona njia. Walio nyuma hupokea vumbi, matope na mawe, na wakati mwingine huangukiana.

Kinachomchelewesha mwendeshaji hapo si uhaba wa nguvu za injini, bali wingi wake. Akiachia klachi na kuvuta mafuta, uzito hurudi nyuma na tairi la mbele hunyanyuka, hali ambayo dereva wa bodaboda aliyepanda mlima na mzigo nyuma anaifahamu vyema. Tairi likinyanyuka, hana budi kupunguza mafuta, na wenzake humpita.

Kinga yake ni kifaa kisicho na umeme wala kompyuta. Kitufe chenye springi hufungwa kwenye kikinga cha shokapu ya mbele, na pete yenye ukingo huzungushiwa bomba la juu. Kabla ya geti kuanguka, usukani hukandamizwa, kitufe husukumwa ndani, na shokapu hubaki imenaswa chini. Mbele ya pikipiki hushuka, uzito husogea mbele, na mafuta huvutwa bila hofu. Kwenye kona, breki ya kwanza huizamisha shokapu zaidi, mnaso hulegea, na springi hukirudisha kitufe nje.

Kipimo cha kushusha ndicho kinachowatenga mafundi wazuri na wengine. Mbele ikishuka kupita kiasi, tairi la nyuma hukosa mshiko na kuzunguka bure, hasa penye tope. Hatari kubwa zaidi ni mnaso kugoma kuachia, kwa mfano ukizibwa na udongo: mwendeshaji hufika kwenye mruko wa kwanza akiwa na shokapu isiyofanya kazi yake. Kukisafisha kifaa kabla ya kila mbio, kwa hiyo, si urembo.

Ducati iliupeleka ufundi huu katika MotoGP, na washindani wake wakaufuata. Hata hivyo, kanuni za 2027 za mashindano hayo zinavipiga marufuku vifaa vya aina hiyo. Katika motokrosi bado vinaruhusiwa, na hufungwa hata kwenye pikipiki ndogo za watoto.