Kauli ya Barazani na Sharti la Hati: Mwambao wa Malindi na Kilifi, 1895–1963

Sheria ya mikataba hutenganisha mambo mawili ambayo methali yetu, ahadi ni deni, huyachanganya. Kuna sharti, yaani neno lililomo ndani ya mapatano, ambalo mwenye kulivunja hudaiwa fidia. Na kuna kauli, yaani neno lisemwalo kabla ya mapatano ili kumvuta mtu akubali. Kauli ikiwa ya uongo, aliyedanganywa aweza kuutangua mkataba, lakini hawezi kulidai neno lile kana kwamba liliandikwa.

Mikataba ya dola si sawa na ya dukani. Hata hivyo, tofauti hii yafaa kutufunulia historia ya ukanda wa maili kumi, ambamo Malindi na Kilifi zimo. Tarehe 1 Julai 1895, mjini Mombasa, Lloyd Mathews, waziri wa Sultani Hamed bin Thuwaini, alitangaza mbele ya Hardinge kwamba Kampuni imeondoka na Waingereza watatawala. Mambo ya Uislamu yataendeshwa kwa heshima, na mila za kale zitaachwa ziendelee. Mkataba wenyewe, wa tarehe 14 Desemba mwaka huo, ulihusu utawala, mahakama, forodha, ardhi, na pauni 17,000 za kulipwa Sultani kila mwaka. Dini na mila hazikuwekewa kifungu. Tena waliohutubiwa barazani hawakuwa ndio waliotia sahihi.

Hoja hiyo ilizuka upya mwaka 1961, James Robertson alipochunguza hatima ya Mwambao. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wakabadilishana barua zilizotaja uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi, na kutambuliwa kwa hati za milki ya ardhi. Kauli ya kale ikawa sharti.

Hilo la ardhi ndilo zito. Hati nyingi za Malindi na Kilifi zilitokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye dai alilete na kulithibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wagiriama wengi walilima mashamba hayo pasipo karatasi yoyote. Sharti lililomhakikishia mwenye hati milki yake liliwahakikishia wao kwamba hawana milki. Wakulima hao, ambao kwa lugha ya ofisini waliitwa maskwota, hawakuwa upande wowote wa barua zile.