Aibu ya Nani?

Msondo ni ngoma ndefu. Anayetaka kuipiga akiwa amesimama huifunga kiunoni kwa kanga, akaibana kati ya mapaja, kisha akaiinamia kwa viganja. Hivyo ndivyo Bi Kidude alivyoipiga jukwaani mbele ya wanawake na wanaume, wenyeji na watalii, akiwa bibi mzee ambaye wenzake wa rika walikuwa wamekaa vibarazani na tasbihi zao. Umati ulipiga vigelegele. Wengine waliinamisha macho.

Walioinamisha macho walikuwa na sababu. Msondo ni ngoma ya unyago. Mahali pake ni ndani, mlango umefungwa, somo akimfunda mwari mambo ya mwili na ya unyumba. Hakuna jipya katika mafunzo hayo. Kilichowashtua watu ni kwamba Fatuma binti Baraka, kwa jina lake la kuzaliwa, aliitoa ngoma uani akaiweka uwanjani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki Aprili 2013 viongozi wa nchi walikuwa miongoni mwa waombolezaji. Lakini swali hakuzikwa nalo: kazi iliyokusudiwa kuwatia watu haya ni sanaa, au ni utovu wa adabu uliopambwa kwa midundo?

Vitabu vya sanaa hupenda kuanzisha mjadala huu New York, mwaka 1917, Marcel Duchamp alipopeleka chombo cha kukojolea kwenye maonyesho na waandaaji wakakikataa. Kwetu Unguja mjadala hauhitaji kuletwa kwa meli. Nenda kusini, Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba nyimbo za kejeli na maneno ambayo siku nyingine yangewaletea kesi kwa wazee. Siku hiyo hakuna kesi. Mwaka unaoshwa, na matusi ni sehemu ya maji ya kuoshea.

Kwa hiyo jamii hii, tunayozoea kuieleza kwa neno moja tu, “adabu”, ilijua zamani kwamba lisilosemeka lazima lipate pa kusemewa. Ililipa chumba, ambacho ni unyago. Ililipa siku, ambayo ni Mwaka. Na ililipa vazi, ambalo ni fumbo. Mabishano makali huzuka mtu anapolitoa neno katika mahali pake na kulipeleka mbele ya wasiotaka kulisikia.

Aliyefanya hivyo kwa ujasiri mkubwa zaidi hakuwa Bi Kidude. Alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wazazi mafukara, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alitembea kwa miguu akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Taarab ya wakati huo ilikuwa na harufu ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa amemtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze muziki, na heshima ya uimbaji ilikuwa kuimba kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, wakaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 wakaenda Bombay kurekodi santuri.

Katika nyimbo zake upo ule wa Kijiti. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza kisa chake kutokana na wimbo wenyewe na kumbukumbu za wazee. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, alikwenda ngomani. Kulikuwa na ulevi. Mwanamume aitwaye Kijiti alimwingilia kwa nguvu, akamuua, kisha akavuka bahari kukimbilia bara. Mahakama ya wakoloni iliwatia hatiani wanawake waliofuatana na marehemu na ambao walikwenda kutoa ushahidi.

Hebu fikiri maana ya kuliimba jambo hilo mbele ya watu waliokuja kustarehe. Mimba, pombe, ubakaji, maiti. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la kutajwa mbele ya wakubwa. Siti angeweza kuimba mahaba na kila mtu angelala vizuri. Alichagua kuwanyima usingizi. Lakini tazama alipoielekeza aibu: kwa muuaji aliyetoroka na kwa hakimu aliyekaa kitini. Kumbukumbu zilizobaki mitaani zilibaki kwa sababu wimbo ulizihifadhi, na wimbo ulidumu kwa sababu ulitungwa vizuri, vina vikashika na sauti ikabeba. Taarifa ya mauaji peke yake ingesahaulika kabla ya Ramadhani kuingia.

Sasa lete mipasho. Katika miaka ya 1990 Khadija Kopa, aliyetokea Culture Musical Club ya Unguja, aliimbia TOT huko bara, na ushindani kati ya kundi hilo na Muungano ukajaza kumbi. Ufundi wa mpasho ni kutotaja jina. Mwimbaji anafumba, mwanamke ukumbini anainuka na noti mkononi, anakwenda kutunza beti ileile inayomchoma jirani yake, anarudi kitini akitabasamu. Amemtukana mtu bila kufungua mdomo. Aliyechomwa hawezi kulalamika, maana akilalamika amekiri.

Hiyo ni sanaa, wala sioni haja ya kuomba radhi kwa kusema hivyo. Lakini mpasho huohuo unaweza kumvunja mtu mnyonge: mgumba, aliyeachwa, maskini aliyeazima nguo ya harusi. Hapo ndipo wanaotetea kila kinachoshtua wanapokosea, kama wanavyokosea wanaotaka kila kinachoshtua kifungiwe. Kuiita kazi sanaa si kuipa msamaha. Wimbo unaweza kuwa sanaa na bado ukawa dhuluma, na tuna haki ya kuyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Mtihani ninaoupata katika historia yetu wenyewe ni huu: mshtuko ukishapoa, kimebaki nini, na aibu imemwangukia nani? Kwa Siti ilibaki haki ambayo mahakama iliikataa. Kwa Bi Kidude ulibaki ukweli kwamba mwili wa bibi kizee una elimu, na elimu hiyo ina mdundo. Kuna nyimbo za matusi ambazo, ukiondoa tusi, hubaki kimya kitupu. Hizo hazihitaji kupigwa marufuku. Mwaka mmoja unazitosha.

Na walioinamisha macho siku ile wasichekwe. Walijua kilichokuwa kikitolewa uani. Watalii waliopiga makofi, wengi wao, waliona tu ajuza anayecheza vizuri.