Parole: aliyerudishwa gerezani anaweza kupinga?

Mfungwa wa parole hajamaliza kifungo. Anakitumikia akiwa nyumbani, chini ya masharti na uangalizi, na akivunja masharti anaweza kurudishwa gerezani kumalizia muda uliobaki. Tusiichanganye na msamaha wa Rais ulio katika Ibara ya 45 ya Katiba, ambao unaweza kutolewa bila sharti lolote.

Msingi wake ni Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, yenye Bodi ya Taifa na bodi za mikoa. Wengi wetu tuliisikia zaidi Bodi ya Taifa baada ya Augustino Mrema kuteuliwa kuwa mwenyekiti mwaka 2016. Anayefikiriwa ni mwenye kifungo cha miaka 4 au zaidi, aliyetumikia theluthi moja kwa tabia njema. Waliohukumiwa kunyongwa, kifungo cha maisha au kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hawamo.

Kwa mtu wa Bumbire, kutoka ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na wavuvi huhama kisiwa hadi kisiwa kuwafuata. Tuseme mtu amekatazwa kuondoka kijijini bila ruhusa. Mwenye mtumbwi anahamia Goziba, naye anapanda, maana kazi nyingine hana. Kwa msimamizi aliye bara, huyo ametoroka. Kwa wenzake wa mwaloni, ameenda kazini.

Akirudishwa gerezani, anaweza kupinga. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Njia mojawapo ni kuiomba Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Bukoba, ifanye mapitio ya uamuzi. Kwanza huombwa kibali, na muda wa kukiomba ni miezi 6 tangu uamuzi. Jaji hapo haulizi kama mtu ni mwema. Anaangalia kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, alifuata utaratibu na alimsikiliza mhusika.

Wenzetu wa nje walishalipeleka suala hili mbali. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Morrissey na mwenzake kutoka Iowa, ambaye kati ya tuhuma zake ilikuwamo kuvuka mipaka aliyowekewa bila ruhusa. Majaji walitaka uchunguzi wa awali ufanyike mapema na karibu na mahali pa tukio, wakati mashahidi bado wapo. Uingereza nako, mwaka 2005, majaji wa Baraza la Malodi waliona wafungwa wawili waliorudishwa walistahili kusikilizwa ana kwa ana, si kwa makaratasi tu. Hukumu hizo haziwafungi majaji wetu, ila wakili anaweza kuzitaja. Ile ya Iowa ndiyo inayotugusa zaidi, maana mashahidi wa mvuvi wako mwaloni, na mwezi ujao watakuwa kisiwa kingine.

Kwa hiyo ruhusa ya kuhama iombwe kwa maandishi kabla ya kupanda mtumbwi, na nakala ibaki kwa ndugu pamoja na nakala ya hati ya parole. Asiye na fedha za wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko ya wafungwa.