Fungu Dogo la Wasiojua Kiingereza

Kabla ya siasa, Lyndon Johnson alishika chaki. Mwaka 1928 alifundisha Cotulla, mji mdogo wa Texas, watoto wa Kimeksiko ambao wengi walifika darasani na njaa. Januari 1968, akiwa Rais wa Marekani, alitia saini Sheria ya Elimu kwa Lugha Mbili, iliyoasisiwa na Seneta Ralph Yarborough, naye wa Texas. Kwa mara ya kwanza serikali kuu ilikubali kuwatengea fungu wanafunzi wasiojua Kiingereza.

Kukubali ni jambo moja, kutoa ni jingine. Mwaka wa kwanza Bunge halikuidhinisha hata senti. Uliofuata zikatoka dola milioni 7.5 kwa nchi nzima, tena za kushindaniwa: wilaya yenye mtu hodari wa kuandika maombi ilipata, nyingine zikaambulia patupu.

Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyofunguliwa na familia za Kichina za San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumpa mtoto vitabu na walimu walewale hakumletei usawa kama haelewi kinachofundishwa. Hukumu safi, ila mahakama haina hazina. Wajibu ukashuka wilayani bila mfuko.

Mashindano ya maombi yalikoma mwaka 2002, sheria ya Rais George W. Bush ilipoanza kugawia majimbo fedha kwa idadi ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Ni haki zaidi, lakini ni kiduchu: mwaka 2023 zilikuwa dola milioni 890 kwa wanafunzi zaidi ya milioni 5, yaani chini ya dola 180 kwa kila mmoja.

Wanaoumia hasa ni wa shule za kati. Fedha za serikali kuu za shule maskini wilaya huzielekeza zaidi kwenye shule za msingi. Mtoto wa Kikongo aliyehamia Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akiwa na miaka 12, Kiswahili kikiwa ndicho lugha yake, aliingia moja kwa moja kwenye aljebra na sayansi, na mara nyingi mwalimu wake wa hesabu hakusomea kufundisha lugha.

Ndiyo maana mageuzi ya maana hutegemea majimbo. California, kuanzia 2013, huongeza asilimia 20 juu ya fungu la kawaida kwa kila mwanafunzi anayejifunza Kiingereza. Nyongeza hiyo hutolewa pia kwa wanafunzi maskini, na aliye na hali zote mbili huhesabiwa mara moja tu.