Kiseyeye: Neno Moja, Maradhi Mawili

Tarehe 7 Januari 1499 vyombo vya Vasco da Gama vilitia nanga Malindi, vikitoka Bara Hindi. Vilikuwa vimekaa baharini miezi mitatu kasoro siku tatu, mara pepo zikivipinga, mara bahari ikiwa shwari hata tanga halitikisiki. Shajara ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwamo, inaeleza kwamba fizi za mabaharia zilivimba zikapanda juu ya meno, wakawa hawawezi kula. Miguu nayo ikafura. Watu 30 walikufa katika mvuko huo, na katika kila chombo walibaki saba au wanane tu wenye nguvu za kushika kazi. Wagonjwa walitamani machungwa kuliko kitu chochote, na kesho yake yakaletwa kutoka pwani. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa, wakafia hapo hapo bandarini. Siku chache baadaye, karibu na Mtangata, kusini ya Tanga, wenye vyombo walikitia moto kimoja chao, São Rafael, kwa kuwa watu wa kukiendesha hawakutosha tena.

Ajabu ni kwamba dawa walikuwa wamekwisha kuionja. Aprili 1498, walipopita Mombasa wakielekea kaskazini, sultani aliwapelekea kondoo, miwa, machungwa na ndimu, na wagonjwa waliokuwamo wakapata afueni. Mwandishi wa shajara aliitazama afueni hiyo akatoa hukumu yake: hewa ya Mombasa ni nzuri mno. Hewa ya Mombasa ni nzuri, hapana anayelikanusha hilo. Lakini aliyeponya ni mkulima wa machungwa, naye hakutajwa.

Waswahili wanayo jina la maradhi hayo: kiseyeye. Ni neno jepesi kutamka kwa jambo zito. Tena ni neno lililobeba mizigo miwili. Kwa upande mmoja ni maradhi ya mabaharia wale, yatokanayo na kukosa matunda na mboga mbichi kwa muda mrefu. Kwa upande wa pili, katika mazungumzo ya kila siku, kiseyeye ni kila ufizi unaovimba na kuvuja damu, hata wa mtu akaaye chini ya mchungwa. Lugha ina haki ya kufanya hivyo, maana jicho linaona damu ile ile. Lakini mchanganyiko huu umewagharimu watu meno. Anayeona damu kwenye mswaki hudhani amepungukiwa na kitu mwilini. Hula ndimu, na kwa kuogopa kuuchokoza ufizi, huacha kupiga mswaki upande unaouma. Hapo ndipo anapoufungulia mlango ugonjwa wenyewe.

Kutenganishwa kwa maradhi haya mawili kulichukua karne. La kwanza lilitambuliwa baharini. Mei 1747, katika manowari ya Kiingereza Salisbury, tabibu James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita, na wakati huo mmoja wao alikuwa amekwisha kurudi kazini. Lind aliyachapisha hayo 1753, ila jeshi la majini la Uingereza halikuanza kuwagawia mabaharia maji ya malimau kwa utaratibu mpaka 1795. Miaka zaidi ya arubaini! Na kitu chenyewe kilichomo ndani ya tunda, vitamini C, hakikujulikana umbile lake mpaka miaka ya 1930.

La pili, lile la nchi kavu, lilikawia zaidi. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, aliukwangua ukoga wa meno yake mwenyewe akautia chini ya kioo chake cha kukuzia. Aliona vijidudu vinakwenda mbio. Alikuwa mtu aliyesugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi na kuyafuta kwa kitambaa, na bado walikuwamo. Karne saba kabla yake, huko Andalusia, tabibu az-Zahrawi alikuwa ameandika kwamba ukoga ukiganda juu ya meno huuharibu ufizi, akachora vyuma vya kuukwangulia vya namna 14. Basi mkono wa tabibu ulikwisha kuujua ukoga, na jicho la muuza vitambaa likawaona wakazi wake. Lililobaki lilikuwa ushahidi wa kuyaunga mawili hayo.

Ushahidi ulipatikana Aarhus, Denmark, mwaka 1965. Harald Löe na wenziwe walichukua watu 12, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wote wenye fizi nzima, wakawaamuru waache kabisa kusafisha vinywa. Hawakupunguziwa chakula wala matunda. Kati ya siku ya kumi na ya ishirini na moja, fizi za wote zilikuwa zimewiva kwa uvimbe na kutoka damu. Kisha wakarudishiwa miswaki yao, na kwa muda wa kiasi cha wiki moja fizi zikarudi kama zilivyokuwa. Watu kumi na wawili kwa Lind, kumi na wawili kwa Löe. Wa mwanzo waliponywa na tunda, wa pili na mkono.

Katika habari ya Aarhus yamo mambo mawili yanayostahili kukaliwa. Moja ni kwamba hapana kinywa chenye kinga. Kijana wa miaka ishirini, mwenye meno kama lulu, huharibikiwa kwa wiki tatu. La pili ni kwamba damu ile ya mwanzo hurudi nyuma. Ukoga ukiachwa ukagandamana na kuteremka chini ya ufizi, huula mfupa unaolishika jino, na mfupa ukiliwa haurudi. Jino hulegea, hucheza, kisha hung'oka likiwa zima, bila ya tundu hata moja. Wengi wamefika umri wa miaka hamsini na vinywa vitupu wakasema ni uzee. Uzee hauna mkono wa kung'oa jino.

Je, pwani hii ilikuwa na nini cha kujikinga? Ilikuwa na mswaki, na jina lenyewe linatangaza lilikotoka, kwa Kiarabu siwaki au miswaki. Kijiti hiki kiliingia pamoja na udhu na sala. Mtume alikihimiza, na riwaya inasimulia kuwa hata katika saa zake za mwisho Bi Aisha alimlainishia kijiti kwa meno yake mwenyewe, naye akapiga mswaki. Kwa hiyo kusafisha kinywa, katika pwani hii, kulikuwa ni ibada kabla ya kuwa ni tiba, na lililo ibada halihitaji kukumbushwa na daktari. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa mwambao, walijadili hata saa zake: kwa mwenye kufunga, mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu, kwa kuwa harufu ya kinywa cha saumu ina heshima yake. Jamii inayojadili kijiti kwa kiasi hicho ni jamii inayokitumia.

Mti ulio asili ya mswaki huota katika nchi kame, kuanzia Bara Hindi na Uajemi, Arabuni, hadi Somalia na nyika za Tsavo. Mizizi yake ina ukali unaowasha ulimi kama haradali, na haikutokea kwa sadfa, kwani mti huu na haradali wana nasaba moja na dutu zinazokaribiana, zenye kuwadhoofisha vijidudu vya kinywani. Visiwa vyenye mvua nyingi vilitumia kilichokuwapo. Edward Steere, mmisionari aliyekusanya maneno ya Unguja katika miaka ya 1860, analieleza neno mswaki kwa kijiti cha mzambarau kinachotafunwa ncha mpaka kiwe nyuzi nyuzi. Hakusema lolote juu ya dutu. Nyuzi zile, zikipitishwa vyema ukingoni mwa ufizi, hufanya sehemu kubwa ya kazi hata kama mti wenyewe hauna ukali.

Ila pwani hiyo hiyo ilikuwa na tambuu. Al-Mas'udi, aliyezipitia bahari za Zanji na kuondoka Kanbalu, ambayo wengi wanaona ilikuwa Pemba, mwaka 916, aliisifu tambuu kuwa huimarisha ufizi na kuinukisha pumzi vizuri. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu 1331, alipokewa kwa sahani ya majani ya tambuu na popoo. Tangu hapo hapana harusi wala baraza lililokamilika bila ya sinia la uraibu: majani mabichi, popoo iliyokatwa, chokaa, katu, na baadaye tumbaku. Washairi waliipenda. Tambuu ilikuwa salamu, ilikuwa fumbo, ilikuwa midomo myekundu ya mpenzi. Waliimba mwanya na weupe wa meno, na ufizi unaoyashika wakausahau. Na mswaki, ulioutunza ufizi, haukupata hata sehemu ya kumi ya beti zilizopewa tambuu, iliyouunguza.

Kuunguza si neno la kutia chumvi. Chokaa na popoo huuchubua ufizi na kuurudisha nyuma, na mwaka 2004 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulitangaza kuwa tambuu, hata isiyotiwa tumbaku, na popoo peke yake, husababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku ina hila yake nyingine: huizuia damu ya ufizi isionekane, hivyo mvutaji hujiona mzima huku mfupa unaliwa. Na mwenye kisukari asichoweza kukidhibiti, fizi zake huharibika upesi kuliko za mwenziwe, na fizi zilizoharibika huifanya sukari yake iwe ngumu kutulia. Al-Mas'udi asilaumiwe. Aliandika walichomwambia waliotafuna, na mdomo wenye harufu nzuri haujishuku.

Mwaka 1938 kiwanda kimoja cha Marekani kiliuza mswaki wa kwanza wenye nyuzi za nailoni, na katika miongo iliyofuata mswaki wa plastiki ulifika madukani mwa mwambao. Waswahili hawakuuzulia jina. Waliuita mswaki vile vile, na kile cha kale kikalazimika kuongezewa neno: mswaki wa mti. Pamoja na jina, kijiti kilipoteza heshima. Watoto wa shule walikifanya alama ya ushamba, hali Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kukipendekeza, mwaka 1987, pale ambapo watu wamekizoea. Utafiti uliochapishwa 2000 juu ya watu wazima wa Sudan uliona fizi za watumiaji wa kijiti haziko nyuma ya za watumiaji wa plastiki, na penginepo ni bora kidogo. Haki isemwe pia: uchunguzi wa Saudi Arabia uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba wanaokipiga kijiti kwa nguvu, kukatisha meno, fizi zao hurudi nyuma. Nao upande wa ndani, karibu na ulimi, na magego ya mwisho, hukosa zamu yao kwa kuwa kijiti kilichonyooka hakipindi kona.

Wazee waliokijua walikitumia kwa taratibu, kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, wakakata ncha iliyochakaa na kutafuna mpya. Wale waliokibenua mdomoni kutwa nzima barazani kama mapambo hawakupata faida nyingi.

Leo vijiti hivyo huuzwa milangoni mwa misikiti siku ya Ijumaa. Vingine vimefungwa katika plastiki na kuandikwa kuwa vimetoka Pakistani, vikiwa vimevuka bahari ile ile iliyowaua mabaharia wa da Gama, ili vinunuliwe katika mwambao ambao mti wenyewe huota nyuma yake, katika nyika, ukiliwa na tembo.