Maigizo ya Vita na Kumbukumbu ya Mto Tana

Baadhi ya sikukuu za kuwaenzi mashujaa katika Afrika Mashariki huambatana na maigizo ya vita, yaani kuonyesha hadharani, kwa mavazi, ngoma na silaha za mfano, pambano lililowahi kutokea, na mara nyingi familia nzima hujitokeza kuyatazama, kuanzia wazee hadi watoto wa shule. Kwa wakazi wa kaunti ya Tana River nchini Kenya, kuanzia Bangale kaskazini, kwenye malisho ya wafugaji, hadi mashamba ya Wapokomo karibu na Garsen, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa vita vinavyosimuliwa vibaya huchochea vingine.

Mfano ulio karibu nao ni tamasha la Mekatilili wa Menza, ambalo Wagiriama hulifanya kila Agosti katika eneo la Malindi na Magarini kuadhimisha upinzani wao dhidi ya Waingereza, ulioongozwa na mwanamke huyo. Masimulizi ya jadi yanaeleza kwamba mwaka 1913, ofisa Arthur Champion alipodai vijana wa kazi, Mekatilili alimletea kuku mwenye vifaranga na kumwambia achukue kimoja. Kuku akamdonoa, na fundisho likawa wazi kwamba mama hanyang'anywi mtoto bila kupigana. Kisa hiki humwezesha mtoto kuelewa chanzo cha vita kabla hajaona mkuki ukirushwa, wala hakifichi gharama yake, maana mwaka 1914 Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti.

Nchini Ethiopia, tarehe 2 Machi huadhimishwa ushindi wa Adwa wa mwaka 1896, ambao majeshi ya Mfalme Menelik wa Pili yaliupata dhidi ya Waitalia, na washiriki hujitokeza wakiwa na mavazi ya kivita, ngao na farasi. Huko Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa una sura nyingine: wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, kisha watu wote husherehekea pamoja.

Eneo la Tana nalo lina historia inayostahili kuonyeshwa hivyo. Mji wa Witu, ulio katika kaunti jirani ya Lamu na ulioanzishwa miaka ya 1860 na Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa jina la Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, ulikuwa kimbilio la watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Mwaka 1885 Simba alikubali ulinzi wa Wajerumani, lakini mkataba wa Julai 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza uliikabidhi Witu kwa Waingereza bila ridhaa ya wenyeji. Baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa mjini humo mwezi Septemba, Admirali Edmund Fremantle aliongoza kikosi kilichoshuka Kipini, na tarehe 27 Oktoba mji ukatekwa na kuteketezwa, huku mtawala wake, Fumo Bakari, akikimbilia porini.

Tarehe hiyo huja wiki moja tu baada ya Siku ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba, hivyo familia kutoka Bangale zingeweza kusafiri hadi Kipini na Witu katika kipindi hicho. Hata hivyo, baada ya mapigano ya 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma katika delta ya Tana, yaliyoua watu zaidi ya mia moja, waandaaji hawana budi kuonyesha mikataba iliyozaa vita, nyumba zilizoungua na wakimbizi, sambamba na ushujaa wa wapiganaji. Kazi hiyo ifanywe na wazee na vijana wa jamii zote za Tana kwa pamoja, ili mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima wauone moto wa Witu kama msiba wa mababu wa eneo lao wote, na wajifunze mapema kwamba vita huanza pale watu wanapoamuliwa mambo yao bila kuulizwa.